Kasoro za kiwandani kwenye sarafu kuukuu za Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi sarafu za kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku Uingereza ilipoacha hesabu ya peni 240 kwa pauni na kuanza ile ya peni 100. Tumeongeza mbili za baadaye kwa sababu maswali yake hayaishi.

Kasoro ya kiwandani ni nini, na nitaitofautishaje na sarafu iliyoharibikia mtaani?

Ni kosa lililotokea kabla sarafu haijatoka kwenye mashine. Ukielewa sarafu inavyotengenezwa, nusu ya kazi imekwisha. Ukanda wa madini hutobolewa visahani vitupu. Kila kisahani hubanwa pembeni ili ukingo uinuke, kisha huwekwa ndani ya pete ya chuma, kati ya muhuri wa juu na wa chini. Mihuri hugongana kwa nguvu nyingi, madini hujaa kwenye michoro, na sarafu husukumwa nje kupisha kisahani kinachofuata.

Picha kwenye muhuri imechongwa ikazama, ndiyo maana kwenye sarafu hutokeza. Kwa hiyo muhuri ukipasuka, madini huingia kwenye ule ufa na sarafu hutoka na mstari uliotokeza, mwembamba, ambao mara nyingi huanzia ukingoni na kukata herufi. Mkwaruzo wa mtaani hufanya kinyume: huchimba. Tena sarafu ikigongwa na kitu, madini hayapotei, husogea tu. Tazama pembeni mwa shimo au mfereji: ukiona kijituta cha madini yaliyosukumwa, jeraha hilo limepatikana nje ya kiwanda.

Sarafu tisa kati ya kumi tunazoletewa kama "kasoro adimu" huishia kwenye kipimo hiki. Ukikifanya mwenyewe kwanza, utajiokolea nauli na gharama ya posta.

Nahitaji vifaa gani?

Vinne tu: lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, na sumaku ndogo. Taa iwe moja, ikae pembeni na imulike kwa kulala ili michoro itupe vivuli. Lenzi ya mara 40 au 60 huwapotosha wanaoanza, kwa sababu kila kovu dogo huonekana kama ugunduzi.

Vipimo vya kukumbuka ni hivi. Peni ya shaba ya kuanzia 1860 ina gramu 9.4 na kipenyo cha milimita 30.8. Nusu peni ina gramu 5.7 na milimita 25.5, na robo peni ina gramu 2.8 na milimita 20. Kwa zile nyeupe, nusu krauni (shilingi mbili na nusu) ina gramu 14.14, florini (shilingi mbili) 11.31, shilingi 5.66, na peni sita 2.83. Hadi 1919 hizi nyeupe zilikuwa na fedha asilimia 92.5, kuanzia 1920 hadi 1946 asilimia 50, na kuanzia 1947 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Peni iliyochakaa sana inaweza kushuka chini ya gramu 9 bila kuwa na kasoro yoyote, basi usishtuke na mizani peke yake.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayopaswa kunaswa na sumaku. Ikinaswa, ni bandia au imepakwa kitu juu ya chuma.

Peni yangu imemegeka ukingoni kama iliyoumwa. Ni kasoro au imekatwa?

Inawezekana kabisa ni kasoro. Ukanda usiposogea vya kutosha kwenye mashine ya kutoboa, pigo linalofuata huangukia sehemu ya tundu lililokwisha kutobolewa, na kisahani hutoka na pengo la mviringo. Pigo likiangukia mwisho wa ukanda, pengo huwa limenyooka.

Angalia mambo matatu. Kwanza, herufi zilizo jirani na pengo: kwenye sarafu halisi huwa zimefifia au kuvutika kuelekea pengoni, kwa sababu madini yalikimbilia penye nafasi wakati wa kupigwa. Aliyekata kwa tupa huacha herufi kamili iliyokatwa ghafla. Pili, tazama upande ulio mkabala na pengo. Mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili kwa pamoja, na penye pengo haina cha kubana, hivyo ukingo wa mkabala huwa dhaifu au haupo. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, kwa sababu mwenye tupa hafikirii kugusa upande wa pili. Tatu, tazama ukuta wa pengo kwa lenzi. Mistari midogo iliyolala sambamba ni alama ya tupa au msumeno.

Pengo dogo kwenye peni ya karne ya 20 si jambo kubwa. Likila robo ya sarafu huku tarehe ikisomeka, hapo wanunuzi huanza kupandishiana.

Upande mmoja una kichwa cha kawaida, upande wa pili kichwa hichohicho kimezama na kugeuka kama kwenye kioo.

Kama ni halisi, umeshika moja ya kasoro nzuri kuliko zote. Sarafu iliyokwisha kupigwa iling'ang'ania kwenye muhuri isitoke. Kisahani kilichofuata kikagongwa kati ya muhuri mmoja na ile sarafu, na sarafu ikafanya kazi ya muhuri: picha yake iliyotokeza ikachapa picha iliyozama.

Lakini mtu yeyote mwenye jiliwa anaweza kubana sarafu mbili na kupata kitu cha kufanana. Ya jiliwa hujulikana hivi: picha iliyozama huwa hafifu na chini yake bado yanaonekana mabaki ya mchoro wa awali, labda mkono wa Britannia, yule mwanamke aliyeketi nyuma ya peni, au ncha ya mkuki wake, na upande wa pili huwa umebanwa ukawa bapa. Kwenye ya kiwandani hakuna mabaki yoyote, na picha iliyozama hufika hadi ukingoni. Usahihi wake unategemea wakati: ya kwanza kabisa baada ya sarafu kung'ang'ania huwa kali, zinazofuata hupanuka na kupoteza umbo kadiri ile iliyonasa inavyozidi kutandazwa. Kali ndiyo ghali.

Herufi na tarakimu zinaonekana mara mbili.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kuna kujirudia kwa aina tatu.

Muhuri ukitikisika kidogo baada ya kupiga, huikwaruza herufi pembeni na kuacha kitu kama ngazi bapa iliyo chini ya herufi yenyewe. Herufi inaonekana imekonda. Hii haina thamani, ni nyingi mno.

Kama muhuri wenyewe ulichongwa ukiwa na kujirudia, herufi zote mbili huwa na unene na mviringo kamili, na ncha zake zimegawanyika. Hii ina thamani, hasa ikiwa inaonekana bila lenzi.

Ya tatu ni sarafu iliyopigwa mara mbili kwa sababu haikutoka kwenye pete. Picha ya kwanza huwa imepondwa na ya pili kulala juu yake. Tahadhari: kwa sarafu zilizopigwa kwa nyundo na mkono, ufundi uliokoma mwaka 1662, kupigwa mara mbili ni hali ya kawaida na mara nyingi hupunguza bei.

Naona tarakimu nyingine chini ya ile ya tarehe. Je, ni macho yangu?

Huenda sivyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 tarakimu za mwisho za tarehe zilipigwa kwenye muhuri kwa mkono, kwa ncha moja moja. Mwaka ulipokwisha na muhuri ukiwa bado mzima, fundi alipiga tarakimu mpya juu ya ile kuukuu. Peni ya 1865 yenye 5 juu ya 3 ni mfano unaojulikana, na vilevile peni za shaba nyekundu za 1848 na 1858 zenye tarakimu ya mwisho juu ya 7.

Fanya hivi: weka sarafu chini ya taa ya pembeni, izungushe polepole mzunguko mzima huku ukitazama tarakimu moja tu. Mabaki ya tarakimu ya chini lazima yatokeze, na lazima yabaki palepale hata mwanga ukihama. Kinachotoweka au kuhama ni kivuli. Kisha linganisha umbo la mabaki na tarakimu unayodhani: upinde wa 3 una mwelekeo wake, na lazima uangukie mahali ambapo 3 ingekaa. Uchafu mgumu ndani ya tundu la 8 au 6 umewadanganya hata wazoefu. Uloweke kwanza, kisha utazame tena.

Herufi imekosekana au imebadilika. Kwangu imeandikwa ONF PENNY.

Peni ya 1860 yenye ONF badala ya ONE inatambuliwa: mguu wa chini wa E ulivunjika kwenye muhuri. Sarafu halisi ina uso laini mahali mguu ulipopaswa kuwa, wenye rangi ileile na mng'ao uleule wa pembeni. Iliyokwanguliwa huwa na kibonde au mng'ao tofauti.

Mara nyingi zaidi herufi hufifia kwa sababu grisi na vumbi vilijaa kwenye mchoro wa muhuri. Hiyo ni kasoro kweli, ila ya bei ndogo, isipokuwa neno zima au tarehe nzima imepotea.

Kwenye sarafu za nusu peni za William wa Tatu, mwishoni mwa karne ya 17, makosa ya tahajia ni mengi: GVLIEMVS badala ya GVLIELMVS, TERTVS badala ya TERTIVS, na A zisizo na kijiti cha katikati kwa kuwa mafundi walitumia ncha ya V iliyopinduliwa. Wanaozitafuta ni wachache na wanazijua vizuri. Mnunuzi wa kawaida hataongeza chochote.

Nyuma ya peni ya George wa Tano kuna kivuli cha kichwa kikimzunguka Britannia. Mihuri iligongana?

Hapana, na swali hili tunalipata kila wiki. Kichwa cha mfalme kwenye peni za kuanzia 1911 kilikuwa kikubwa na kirefu kwenda chini. Madini mengi yalivutwa kukijaza, upande wa pili ukakosa, na umbo la kichwa likabaki kama kivuli. Kiwanda kilirekebisha kichwa mwaka 1926 na kukipunguza mwaka 1928 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Haiongezi thamani.

Mihuri iliyogongana bila kisahani katikati huacha kitu tofauti: mistari mikali, iliyotokeza na iliyogeuka, kwa mfano muhtasari wa shingo ukipita nyuma ya Britannia. Peni za miaka ya 1860 zinazo nyingi.

Nikigeuza sarafu, upande wa nyuma unatazama chini.

Ishike juu na chini kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, kisha izungushe kama mlango. Kwenye sarafu nyingi za kabla ya 1887 nyuma itakuwa miguu juu, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa sarafu za karne ya 20 nyuma inapaswa kuwa wima. Ikipinda nyuzi 10 au 15, usijisumbue. Kuanzia nyuzi 45 kuna wanunuzi, na nyuzi 90 au 180 ndizo zinazotafutwa.

Herufi H au KN karibu na tarehe ni kosa?

Si kosa. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, ilipozidiwa na kazi iliwapa viwanda vya Birmingham: H ni Heaton, KN ni Kings Norton. Peni zenye H za 1874 hadi 1876, 1881 na 1882 zinayo chini ya tarehe; za 1912, 1918 na 1919 zinayo kushoto, na KN ipo ya 1918 na 1919 tu. Wasomaji wa Afrika Mashariki watazitambua herufi hizi kwenye senti zetu za tundu: senti 10 za mwaka 1936 zipo zenye H, zenye KN na zisizo na herufi.

Jihadhari na peni ya 1882 isiyo na H. Halisi ni adimu mno, na kwa hiyo H hukwanguliwa kwenye zile za kawaida. Tazama uwanja ulio chini ya tarehe kwa taa ya kulala: penye mkwaruzo mwanga hukatika.

Peni ya 1902 ya "maji kupwa" (bahari nyuma ya Britannia imechorwa chini zaidi), na ya 1926 ya kichwa kilichorekebishwa: nazo ni kasoro?

Ni aina, yaani mihuri miwili iliyochorwa tofauti kwa makusudi, na wauzaji wengi huzichanganya na kasoro. Baadhi zina thamani kuliko kasoro nyingi. Kwenye peni ya 1926 iliyorekebishwa, herufi BM za mchongaji, zilizo shingoni, hazina nukta na zimesogea nyuma, hiyo itafute. Peni nyeusi za 1944 hadi 1946 nazo si kasoro: zilitiwa dawa ya kuzifanya nyeusi palepale kiwandani.

Nina peni mbili iliyoandikwa NEW PENCE.

Ni ya mwaka gani? Peni mbili zote za 1971 hadi 1981 zimeandikwa hivyo na thamani yake ni peni mbili. Kuanzia 1982 maneno yakawa TWO PENCE. Kosa ni la mwaka 1983 tu, pale muhuri wa zamani ulipotumika kwa baadhi ya sarafu zilizowekwa kwenye seti za mwaka huo. Hiyo huuzwa kwa pauni mia kadhaa, hasa ikiwa bado ndani ya seti yake. Kama 3 inaonekana imechongwa upya, iache.

Na peni 20 isiyo na mwaka?

Mwaka 2008 muundo mpya ulihamisha tarehe kutoka nyuma kwenda upande wa kichwa. Baadhi zilipigwa kwa nyuma mpya na kichwa cha zamani, na tarehe ikakosekana pande zote mbili. Ni halisi, ila zipo maelfu kwa maelfu. Bei yake ya kawaida ni kati ya pauni 50 na 100. Matangazo ya maelfu ya pauni yapuuze.

Sarafu yangu ina vichwa pande zote mbili.

Karibu kila mara ni kifaa cha wanamazingaombwe: sarafu moja imekwanguliwa ndani, nyingine imepunguzwa ikapachikwa humo. Tafuta mstari wa duara ndani kidogo ya ukingo, pima uzito, kisha iangushe juu ya mbao kutoka sentimita chache. Sarafu nzima hulia, ya kupachika hutoa sauti iliyokufa.

Peni sita ya 1887 ya rangi ya dhahabu?

Muundo wa kwanza wa mwaka ule ulifanana mno na nusu sovereni, ambayo ni sarafu ya dhahabu, walaghai wakazipaka dhahabu, na ukaondolewa mwaka huohuo. Pima: nusu sovereni ina karibu gramu 4, hii ina 2.83. Iliyopakwa ina bei ndogo kuliko safi.

Nitajuaje bei?

Anza na bei ambayo sarafu ingekuwa nayo bila kasoro, kwa mwaka wake na hali yake. Kwa zile nyeupe kuna sakafu: nusu krauni ya kabla ya 1920 ina takribani gramu 13 za fedha tupu, na ya 1920 hadi 1946 ina gramu 7. Kisha jiulize mambo manne: kasoro inaonekana bila lenzi? Tarehe inasomeka? Sarafu ni kubwa au ndogo? Na hali yake ikoje? Kasoro ya kuvutia kwenye peni iliyosagika inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ileile ikiwa kali.

Halafu tafuta minada iliyokwisha, si matangazo. Bei anayoomba mtu haikuambii kitu. Bei iliyolipwa ndiyo habari. Tafuta angalau tatu za kasoro ileile na uache ya juu kabisa. Kasoro kubwa hazifanani hata mbili, kwa hiyo tegemea upana wa bei, si namba moja.

Usisahau makato. Tuseme mnada umefungwa kwa pauni 200, ada ya mnunuzi ni asilimia 20, ya muuzaji asilimia 15, na kila ada ina kodi ya asilimia 20. Mnunuzi atalipa 248. Wewe utapata 164. Ukiuza moja kwa moja kwa mfanyabiashara na akakupa 150 siku hiyohiyo, hajakudhulumu.

Niisafishe kwanza?

Tafadhali usiisafishe. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba vyote hula ngozi ya juu ya madini, na ngozi hiyo ndiyo mnunuzi anayoitazama kuamua kama kasoro ni ya kweli. Peni ya rangi ya waridi inayong'aa kama mpya huku nywele za malkia zimesagika imeshatangaza kwamba imesuguliwa, na bei hushuka nusu au zaidi.

Kinachoruhusiwa ni kuloweka. Mafuta na gundi hutoka kwa asetoni safi: dakika 10 kwenye kikombe cha kioo, dirisha wazi, moto mbali, kisha itoe na uiache ikauke yenyewe. Udongo hutoka kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Usisugue hata kwa kitambaa laini. Kutu ya kijani ya unga inaendelea kula sarafu; hiyo mpe anayeijua kazi.

Hifadhi kwenye vifuko visivyo na PVC, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa utelezi wa kijani. Wakazi wa pwani, Mombasa hadi Mtwara, waongeze vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kuvikausha upya kila baada ya miezi michache, maana hewa ya chumvi haina huruma na shaba.

Nitume picha gani kwa mtaalamu?

Nne: kila upande, ukingo mahali penye kasoro, na kasoro yenyewe kwa karibu. Simu iegemezwe, sarafu ilale juu ya karatasi ya kijivu, taa moja ya pembeni, bila mwanga wa kamera. Andika uzito hadi gramu 0.01 na kipenyo. Usiandike jina la kasoro unayodhani ni hiyo; mwache atazame kwanza.